Milango Minane ya Kirolirwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bidoni za maziwa zinapopangwa kando ya barabara ya Kirolirwe, kuna kimya ambacho mgeni hawezi kukisikia. Wachungaji wanashusha bidoni, wanafuta mikono kwenye makoti, kisha mmoja wao, kwa mazoea tu, anapeleka sikioni redio ndogo ya mkononi, ile wanayoiita foni. Foni inakoroma kidogo na kunyamaza. Zamani, saa hiyo hiyo, sauti ya mwanamke ingetoka humo, kavu, ina usingizi bado: "Kirolirwe, habari ya asubuhi. Bihogo iko mlango wa pili. Gaju iko mlango wa tatu, karibu na mto. Ile ya Papa Kanyamibwa iko mlango wa nane, inakula maharage ya watu." Wangecheka, na siku ingeanza. Sasa wanazima foni ili betri isiishe, wanafunga bidoni kwenye pikipiki, na hakuna anayemtaja.

Jina lake ni Uwamwezi. Alizaliwa hapo hapo, katika nyumba ya wafugaji. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, watu walikuja alfajiri wakamkata baba yake kwa mapanga akiwa amechuchumaa anakamua. Maziwa ya ndoo ile yaligeuka rangi, na mpaka leo Uwamwezi hanywi maziwa kwenye chombo cheupe. Kaka yake, Rugamba, alikuwa na miaka kumi na saba. Aliacha shule siku hiyo hiyo, akashika fimbo ya marehemu, na kwa ng'ombe wanne waliobaki akamlisha dada yake, akamvisha, akampeleka chuo cha ufundi mjini Goma kusomea redio na umeme. Yeye mwenyewe hakujua kusoma saa vizuri. Alipomtembelea mjini alikuja na jibini iliyofungwa kwenye majani, akaketi kitandani, akatazama daftari la dada yake kama mtu anayetazama ndama wa kwanza.

"Hii yote uko unaielewa?"

"Ninaielewa, kaka."

"Basi njo inatosha. Tuko wawili, mumoja akielewa inatosha."

Ushirika wa wafugaji ulipoamua kujenga mnara wa kulinda ng'ombe, Uwamwezi alirudi nyumbani. Injinia aliyekuja kuufunga aliitwa Séraphin, mtu mrefu, mpole, aliyeogopa ubaridi wa vilima. Juu ya mlingoti alifunga antena nane, kila moja imetazama upande wake, zikazunguka kama petali za ua. Kwenye shingo za ng'ombe kumi, wale wanaotangulia kundi, akafunga kola za redio. Kisha akamwita Uwamwezi kwenye kibanda cha mashine chini ya mlingoti, akatoa tochi yake ya kukaza na kulegeza mwanga.

"Ukilegeza mwanga, unaona miguu yako tu," alisema. "Ukiukaza, unaona mpaka kilima kile, lakini unaona sehemu moja tu. Antena zetu zimekazwa. Zinasikia mbali sana, mpaka kule Nyabiondo. Lakini ni moja tu inayosikia kwa wakati mmoja. Hii ni milango minane, dada, na mlinzi ni mmoja."

Mlango wa kwanza ulitazama kaskazini. Wa tano ulitazama Sake na ziwa. Wa sita ulitazama Masisi. Wa saba ulitazama Nyabiondo, na nyuma ya Nyabiondo hapakuwa na kitu kingine ila pori la Walikale. Kola ilitoa sauti mara moja kila dakika, kwa muda wa kufumba jicho. Kama mlango wake ulikuwa umefungwa wakati huo, ilikuwa imesema bure.

Mashine ilikuwa na desturi yake ya kuchagua: ilifungua mlango ule ule iliposikia vizuri mara ya mwisho. Kwa ng'ombe anayekula majani, desturi hiyo ilitosha. Kwa ng'ombe anayekimbizwa kwa vitako vya bunduki, mashine ilibaki ikibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Hilo lilionekana siku ya wizi wa kwanza, ng'ombe kumi na wanne walipochukuliwa upande wa Masisi. Mashine ilishikilia mlango wa sita, na skrini ikabaki tupu. Uwamwezi akaizima akili ya mashine, akaweka kidole chake mwenyewe juu ya vibonyezo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Alijua mteremko ule: kwato zingeteleza, na yeyote anayeswaga ng'ombe angelazimika kupanda mgongo wa kilima. Akafungua mlango wa saba kabla ng'ombe hawajafika, akangoja. Dakika ya pili, mstari wa kola ukasimama kwenye skrini, mrefu kadiri sauti yake ilivyosikika vizuri.

"Ulijuaje?" Séraphin alimwuliza.

"Mashine inaangalia mahali ngombe imepita. Miye naangalia mahali itapita."

Ng'ombe walirudi wote siku hiyo, na wezi walikimbia bila hata risasi moja. Kirolirwe wakampa jina, Mama Milango. Aliyelipenda zaidi jina hilo alikuwa Shyaka, kijana aliyewahi kuchunga pamoja na Rugamba, ambaye baadaye alipata bunduki, kisha akapata wenzake kumi na mmoja wenye bunduki. Alipita kibandani mara kwa mara, akaegemea mlango, akatania.

"Mama Milango, unifungulie na mimi mulango moja, mule ndani ya roho."

"Yako iko na kutu, Shyaka. Kwanza uende uoge."

Wizi wa pili ulikuja wakati wa kupanda maharage. Uwamwezi alifanya kama alivyofanya mara ya kwanza. Alisikiliza, alikisia, alisema kwenye foni: "Mlango wa saba, wanashuka." Shyaka na wenzake walitangulia wakalala kwenye nyasi pande mbili za njia. Waliporudi jioni walikuwa wanaimba. Walimletea kola ya ng'ombe mmoja aliyekufa kwa risasi, na aliposhika ule ukanda kidole chake kilizama kwenye damu nzito. Wameua watu saba, walisema. Saba kwa mlango wa saba. Waliona ni kichekesho kizuri.

Siku nne baadaye mwanamke mmoja alikuja kibandani kwa miguu, ana matope mpaka magotini. Alikuwa mkulima wa Nyabiondo, na jina lake lilikuwa Sidonie. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye ngazi, akavua viatu, akavigonga pamoja kutoa udongo.

"Ni weye njo unasemaka mu foni?"

"Ni miye, Mama."

"Bwana yangu, wezi walimukamata shambani. Walimupa fimbo, wakasema, swaga. Hakujua hata kukamua. Bauma alikuwa anaogopa ngombe, dada. Tukikutana na ngombe mu njia, ananiweka mbele." Akacheka kidogo. "Watu yenu walimutoboa hapa, na hapa, na mu jicho. Nilimutambua juu ya kiraka ya suruali. Kile kiraka nilishona miye."

Uwamwezi aliingia kibandani. Alimletea maji. Sidonie aliyatazama yale maji, hakuyanywa, akavaa viatu vyake akaondoka. Tangu siku hiyo Uwamwezi aliapa mbele ya Rugamba kwamba hatatamka tena mlango mbele ya bunduki. Ng'ombe waliopotea angewatafuta. Wezi hapana. Rugamba alikuna kidevu.

"Sasa na mimi wakinibeba?"

"Weye nani atakubeba? Uko muzito kama fahali."

Walicheka. Waliendelea kula.

Walimbeba mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, asubuhi ya ukungu, saa ya kukamua. Walikuja wengi, hakuna aliyeweza kuwahesabu ndani ya weupe ule. Walimpiga risasi mzee aliyekuwa akifungua zizi. Walikata mishipa ya miguu ya ndama ili wasicheleweshe safari, na ndama wakabaki wakijiburura kwenye matope, wanalia, na mama zao wanapigwa mbele. Dancille, mke wa Rugamba, alishika mkono wa mumewe, na mtu mmoja akamgonga mdomoni kwa kitako cha bunduki mara mbili. Alifika kibandani mbio, mdomo umefumuka, na alipofungua kinywa jino lilidondoka sakafuni.

"Bamebeba bwana yangu," alisema. "Juu ya kuswaga ngombe. Uwa, bamemubeba."

Shyaka na wenzake walifika nyuma yake, wanahema. Safari hii hakuna aliyetania.

"Fungua, Mama Milango."

"Sifungui."

"Unasema nini?"

"Mwaka jana nilisema saba, mukaua muntu mwenye alikuwa anaogopa ngombe. Nikisema leo, mutapiga wote. Mutamuua naye."

Shyaka aliweka mdomo wa bunduki begani mwa Uwamwezi, polepole, karibu kwa upole. Ulikuwa wa baridi, una harufu ya mafuta. "Sikia. Ukinyamaza, kufika jioni iko mu pori ya Walikale. Wakifika kule hawana kazi naye tena. Watamumaliza, na hatutapata hata mufupa ya kuzika. Weye njo unajua. Sema."

Uwamwezi alimtazama Dancille. Dancille alitema damu kiganjani, akaifuta kwenye kitenge.

"Kiapo yako weka pembeni," alisema. "Ule ni kaka yako ao ni wa nani?"

Uwamwezi akaketi. Alijua Rugamba angekuwa nyuma ya kundi, na Bihogo, ng'ombe wake mwekundu, angekuwa mbele kama siku zote, na kola shingoni. Ng'ombe wengine wote wangemfuata Bihogo. Akafungua mlango wa sita. Dakika ikapita. Kitu. Mstari mrefu, safi. Akabaki hapo dakika mbili, akaona mstari unafupika, akarukia mlango wa saba kabla haujakatika. Akaupata. Dakika moja baada ya nyingine aliwafuata hivyo, kidole juu ya kibonyezo, jasho jembamba linamshuka mgongoni, na alikuwa hajawahi kuwafuata wanyama vizuri namna ile. Hakukosa hata sauti moja. Shyaka na wenzake walikuwa wameshatoka kwa pikipiki, wanapita barabara ya chini, na yeye anawaambia kwenye foni: endeleeni, bado, endeleeni.

Kitu kimoja alikiona. Ng'ombe akitembea, shingo yake huyumba, na mstari kwenye skrini huyumba nayo, mrefu, mfupi, mrefu. Alikuwa amezoea kuyumba kule kama mtu anavyozoea mwendo wa ndugu yake. Siku hiyo mstari wa Bihogo haukuyumba. Ulikuwa umenyooka. Alifikiri: amepigwa, amechoka, amelaza kichwa. Alifikiri hivyo mara moja, na hakurudi kulifikiria tena.

Baada ya adhuhuri mstari ulishuka ghafla, ukabaki chini. Dakika tatu, nne, tano, pale pale, mlango ule ule. Bihogo alikuwa amesimama, na alikuwa amesimama bondeni. Uwamwezi alilijua lile bonde: mto mdogo kabla ya Nyabiondo, wenye mawe meusi. Ng'ombe walikuwa wananywa maji.

Hapo ndipo alipoona njia. Katika vilima vyao, tangu zamani, ng'ombe wakinywa mchungaji husimama juu ya maji, upande yanakotokea, peke yake, ili mnyama asiyachafue kabla ya mwenzake kunywa. Hata mtoto wa miaka mitano anajua kusimama pale. Wezi walihitaji ng'ombe wazima, wangemwacha mchungaji afanye kazi yake. Kwa muda huo mmoja katika siku nzima, Rugamba angekuwa kando na wote. Baada ya mto lilikuwa pori.

Alibonyeza foni.

"Shyaka. Wako ku maji, kwenye mawe meusi. Muntu atasimama juu, peke yake. Ule ni Rugamba. Ule musimuguse. Wenye kuwa chini katikati ya ngombe, hao njo wenyewe."

"Kweli," Shyaka alijibu, naye alikuwa mchungaji kabla ya kuwa kitu kingine. "Muchungaji anasimamaka juu. Tunamuona. Iko na kofia. Tunamuona, Mama Milango."

Kisha risasi. Foni haikuzileta kama zilivyo. Ilizileta kama mtu anayepasua kuni kavu mbali, nyingi, kwa haraka, na kati yake mlio wa ng'ombe, na mtu mmoja anayeita jina ambalo halikusikika vizuri. Zilidumu muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Dancille alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameziba masikio. Kwenye skrini, dakika ilipotimia, mstari ulisimama tena. Bihogo yu hai, Uwamwezi alijiambia.

"Shyaka."

Hakuna.

"Shyaka, sema. Mumemupata Rugamba?"

"Ule wa juu amekimbia," foni ilisema mwishowe. "Ule wa kofia. Tulimuacha, akatupiga risasi, akakimbilia pori. Hakukuwa yeye." Ikanyamaza, ikakoroma. "Kola haiko ku ngombe, Uwa."

Hakumwita Mama Milango.

"Iko wapi?"

"Bihogo hatuioni hapa. Kola iko ku shingo ya muntu. Walimuvalisha."

Mwizi mmoja aliyejeruhiwa aliwasimulia kabla hawajammaliza kwa mawe. Wezi wa mara hii walijua habari za mnara, kama Masisi nzima ilivyojua. Bihogo walimchinja njiani, baada ya kilomita chache tu, wakakata ukanda, na badala ya kuutupa wakamfunga Rugamba shingoni kwa kicheko. "Dada yako anapenda kusikia," walimwambia, "basi akusikie." Walimfunga mikono nyuma. Penye maji walimsukuma kati ya ng'ombe anywe kwa mdomo kama wao, na mkubwa wao akasimama juu, upande maji yanakotokea, kwa sababu hapo maji yalikuwa safi na yeye alikuwa mkubwa.

Dakika ilipotimia, mstari ulisimama kwenye skrini. Umenyooka. Na dakika iliyofuata. Kola haikujua kilichotokea, iliendelea kusema mahali ilipo, na Uwamwezi aliendelea kuisikia, kwa kuwa mlango ulikuwa sahihi. Hakuweza kuufunga.

Baada ya saa moja hivi, mstari ulianza kuyumba. Mrefu, mfupi, mrefu, kama wa ng'ombe anayetembea. Moyo ulimruka kabla akili haijamfikia. Kisha akaelewa: vijana walikuwa wamekata miti, wamefunga machela, wamempakia, na machela inayumba mabegani. Walikuwa wanamleta. Uwamwezi akamfuata. Alimfuata mlango wa saba, akahamia wa sita kabla hawajavuka kilima, akangoja, akampata. Wanaume walipumzika mara tatu, na mara zote tatu aliona. Hakukosa hata sauti moja mpaka alipowasikia kwa masikio yake, wanapanda barabara ya kibandani, wanapumua kwa pamoja.

Uso wake ulikuwa mzima. Kifua hakikuwa kifua tena. Taa ndogo nyekundu ya kola iliwaka mara moja kila dakika chini ya kidevu chake, mpaka Uwamwezi mwenyewe alipoikata kwa kisu cha jikoni. Aliikata vibaya, akajikata na kidole.

Walimzika kesho yake karibu na baba yake. Shyaka hakuja makaburini. Ilisemekana alikuwa ameketi nyuma ya zizi, bunduki ipo chini, anawakamua ng'ombe waliorudi, mmoja baada ya mwingine, anamwaga maziwa chini. Watu walipotawanyika, Dancille alimketisha Uwamwezi kwenye jiwe la kusagia. Midomo yake ilikuwa imevimba, ilibidi aseme polepole.

"Uniambie kitu moja. Kulikuwa alama yoyote?"

Uwamwezi angeweza kusema hapana. Hakuna mtu mwingine Kirolirwe aliyejua kusoma skrini ile.

"Kulikuwa," alisema. "Mstari haukuyumba. Ngombe ikitembea, unayumbaka. Niliuona."

"Uliuona."

"Niliuona. Nikafikiri ngombe imechoka."

Dancille alikaza kitenge kilichombeba mtoto mgongoni. Ndama mmoja kati ya wale waliokatwa miguu alikuwa bado hai zizini, na pale walipo walimsikia. Kisha Dancille akainuka, akamfungua mgongoni mtoto wake mdogo, akamweka mikononi mwa Uwamwezi, akachukua panga, akaenda kummaliza yule ndama.

Wiki ile Uwamwezi alipanda mnara peke yake, akashusha antena zote nane, akazipanga kibandani sakafuni, ya kwanza mpaka ya nane. Séraphin alipopiga simu kutoka Goma kuuliza kwa nini mnara umekufa, alimweleza kwa maneno machache jinsi ya kurekebisha ile desturi ya mashine ya kuchagua mlango, kwamba iwe inatangulia badala ya kufuata. Alisikia kalamu yake ikiandika. Hakumweleza jambo lingine. Baadaye vita vilipanda mpaka Kirolirwe, watu wenye silaha wakachukua paneli za sola na nyaya, na kibanda sasa kinalala mbuzi.

Uwamwezi anaishi Sake, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya mbao, pamoja na Dancille na watoto wawili wa Rugamba, na kila asubuhi anauza maziwa kwenye njia panda, upande wa barabara ya Minova.